Maswali ya Wasomaji: Makro inayomruhusu mtumiaji achague mafaili mengi kwa mkupuo mmoja

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni karani wa hesabu, na kila mwisho wa wiki hupokea ripoti za mauzo zaidi ya kumi ambazo hulazimika kuzikusanya katika kitabu kimoja cha Excel. Niliandika makro fupi (mfululizo wa amri ambazo Excel huzitekeleza yenyewe) inayofungua kidirisha cha kuchagua faili, nayo ilifanya kazi vizuri, ila nililazimika kuiendesha upya kwa kila ripoti. Nilipoelezwa kwamba kuna kipengele cha MultiSelect:=True kinachoruhusu kuchagua mafaili mengi, nilikiongeza, na papo hapo nikaanza kupata hitilafu namba 13. Nilibadilisha aina ya kigeu changu (jina linalobeba thamani ndani ya makro) kutoka String kuwa Variant, hitilafu ikatoweka, lakini mwenzangu alipofungua kidirisha kisha akaghairi, makro ikakwama tena. Nikaongeza mstari wa If majina = False Then Exit Sub. Sasa mtu akighairi mambo huenda sawa, ila akichagua mafaili, hitilafu namba 13 hurudi na mstari huo hupakwa rangi ya manjano. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, hukukosea kwa uzembe. Kila hatua uliyochukua ilikuwa na mantiki yake, na hitilafu zote tatu ulizokutana nazo zina chanzo kimoja. Amri ya GetOpenFilename, ambayo ndiyo hufungua kidirisha hicho, inapopewa MultiSelect:=True inaweza kukurudishia mojawapo ya vitu viwili visivyofanana hata kidogo: mtumiaji akichagua, hurudisha orodha ya majina ya mafaili; akighairi, hurudisha thamani ya kimantiki False, ambayo si orodha wala si maandishi. Makro yako inapaswa kuuliza kwanza imepokea kipi kati ya hivyo viwili, ndipo iendelee.

Tuzipitie hitilafu zako kwa mpangilio ulivyozieleza. Kigeu cha aina ya String hubeba maandishi mamoja tu, kwa hiyo orodha haiwezi kuingia humo, na Excel hutoa hitilafu namba 13, ambayo maana yake ni kwamba aina za data hazipatani. Ulipokifanya kuwa Variant, ulikipa uwezo wa kupokea chochote, nacho kikapokea orodha bila taabu. Mwenzako alipoghairi, kigeu hicho hicho kikapokea False, na mzunguko wako, yaani sehemu inayorudiwa kwa kila faili, ukajaribu kutafuta mwanzo na mwisho wa orodha isiyokuwepo. Jaribio lako la tatu ndilo linalowanasa wengi: kulinganisha orodha nzima na False kwa alama ya usawa hakuwezekani katika VBA, lugha inayotumika kuandika makro za Excel, kwa sababu orodha hailinganishwi na thamani moja. Ndiyo maana mstari huo unakubali mtu anapoghairi na unakataa anapochagua.

Swali linalofaa kuulizwa ni hili: je, hiki nilichopokea ni orodha? VBA ina neno lake la kuuliza hivyo, nalo ni IsArray. Makro yako inaweza kuandikwa hivi:

Sub KusanyaRipoti()
    Dim majina As Variant
    Dim i As Long
    Dim kitabu As Workbook
    Dim laha As Worksheet

    Set laha = ThisWorkbook.Worksheets("Jumla")

    majina = Application.GetOpenFilename( _
        FileFilter:="Vitabu vya Excel,*.xlsx;*.xlsm;*.xls", _
        Title:="Chagua ripoti za wiki", _
        MultiSelect:=True)

    If Not IsArray(majina) Then Exit Sub

    For i = LBound(majina) To UBound(majina)
        Set kitabu = Workbooks.Open(Filename:=majina(i), _
            UpdateLinks:=0, ReadOnly:=True)
        ' hapa nakili data kutoka kitabu kwenda laha
        kitabu.Close SaveChanges:=False
    Next i
End Sub

Angalia kwamba mtumiaji akichagua faili moja tu, bado utapokea orodha, ila itakuwa na jina moja. Hilo ni jambo la kushukuru, kwa kuwa halikulazimu kuandika njia mbili za kushughulikia faili moja na mafaili mengi. Orodha hiyo huanzia namba 1, si 0, lakini nakushauri utumie LBound na UBound, yaani namba ya kwanza na ya mwisho ya orodha, kama nilivyofanya, kwa sababu msimbo huo utaendelea kuwa sahihi hata siku utakapoipata orodha kutoka chanzo kingine kinachoanza kuhesabu kwa sifuri.

Kwenye mstari wa FileFilter, mkato ndio unaotenganisha maelezo anayoyaona mtumiaji na aina za mafaili zinazoruhusiwa, na nukta mkato hutenganisha aina moja na nyingine. Kwa hiyo usiweke mkato ndani ya maelezo yenyewe, kwa mfano “Vitabu, vyote”, maana Excel itadhani maelezo yamekwisha na neno linalofuata ni aina ya faili.

Kumbuka pia kwamba GetOpenFilename haifungui faili lolote, ingawa jina lake na kitufe cha kidirisha chake huwafanya watu waamini hivyo. Kazi yake ni kuleta njia kamili ya kila faili, yaani folda lilimo pamoja na jina lake, na ufunguaji hufanywa na Workbooks.Open. Hapo nimeomba kila ripoti ifunguliwe kwa kusomwa tu, na viungo vyake vya nje visisasishwe, ili mtumiaji asisimamishwe na maswali mara kumi na tano mfululizo. ReadOnly ina faida nyingine: ripoti ya mtu mwingine haitabadilishwa kwa bahati mbaya na makro yako.

Sasa naomba nikae kidogo kwenye jambo ambalo hukuliuliza, lakini ambalo naliogopa zaidi kuliko hitilafu namba 13, kwa sababu linaweza kutokea bila hitilafu yoyote. Mtu akipewa uhuru wa kuchagua mafaili mengi, mara nyingi atabonyeza Ctrl na A ili achague kila kilichomo kwenye folda. Ikiwa kitabu chenye makro kimehifadhiwa humo humo pamoja na ripoti, nacho kitachaguliwa. Kikifika zamu yake, kitakuwa tayari kimefunguliwa, makro inaweza kukipata kama ilivyopata vingine, kisha ikafika kwenye mstari wa kitabu.Close SaveChanges:=False na kujifunga yenyewe, pamoja na data yote iliyokuwa imekwisha kukusanywa na ambayo haijahifadhiwa. Mtumiaji ataona dirisha likitoweka na hatajua kilichotokea. Kinga yake ni mstari mmoja ndani ya mzunguko:

If StrComp(Dir(majina(i)), ThisWorkbook.Name, vbTextCompare) <> 0 Then

ukifuatwa na kazi yako ya kufungua na kunakili, kisha End If. Amri ya Dir hapo huondoa njia ya folda na kubakiza jina la faili peke yake. Nimechagua kulinganisha majina badala ya njia nzima kwa makusudi, kwa kuwa Excel hairuhusu vitabu viwili vyenye jina moja kufunguliwa kwa wakati mmoja hata kama vimo katika folda tofauti. Kwa sababu hiyo hiyo, waeleze watumiaji wako wafunge ripoti zao kabla ya kuendesha makro.

Jambo la pili la namna hiyo ni ile laha niliyoiweka kwenye kigeu kabla ya kufungua kitabu chochote. Workbooks.Open hukifanya kitabu kilichofunguliwa kuwa ndicho kilicho mbele. Ukiandika Cells au Range bila kutaja ni ya laha ipi, Excel itachukulia kuwa unamaanisha laha iliyo mbele, yaani ile ya ripoti iliyofunguliwa sasa hivi, na data itanakiliwa ndani ya ripoti yenyewe kisha itapotea kitabu kinapofungwa bila kuhifadhiwa. Hata hesabu ya mistari huathirika: laha ya faili la muundo wa zamani wa .xls ina mistari 65,536, ilhali ya muundo ulioanza na Excel 2007 ina mistari 1,048,576. Kwa hiyo, unapotafuta mstari ulio wazi wa kuandikia, taja laha kila mahali:

mstari = laha.Cells(laha.Rows.Count, 1).End(xlUp).Row + 1

Na endapo faili moja kati ya kumi na tano limeharibika, si haki mafaili kumi na manne mazuri yakwame kwa ajili yake. Kabla ya kufungua kila faili, weka Set kitabu = Nothing, kisha On Error Resume Next, kisha mstari wa kufungua, na mara tu baada yake On Error GoTo 0. Kitabu kikibaki kuwa Nothing, yaani kigeu hakikupokea kitu, liandike jina la faili hilo pembeni na uendelee na linalofuata, halafu mwishoni mwonyeshe mtumiaji majina yote yaliyoshindikana. Ule mstari wa Nothing usiuache. Bila huo, kigeu kitaendelea kushikilia kitabu kilichotangulia, na makro itadhani faili bovu limefunguka salama. Nisisitize pia kwamba On Error Resume Next isiachwe wazi hadi mwisho wa makro, kwani itaficha hata makosa ambayo ungependa sana kuyajua.

SWALI: Ndugu Mshauri, nimeona watu wengine wakitumia Application.FileDialog badala ya GetOpenFilename. Ipi ni bora? Pia ningependa kidirisha kifunguke moja kwa moja kwenye folda ya ripoti, kwa sababu wenzangu hupotea wakiitafuta.

JIBU: Zote mbili zinafaa, lakini kwa haja yako ya kuanzia kwenye folda maalumu, FileDialog ndiyo inayokufaa. GetOpenFilename huanzia kwenye folda ambayo Excel inaihesabu kuwa ya sasa. Unaweza kuibadilisha kwa ChDrive na ChDir, ila ChDir peke yake haibadilishi diski, na ChDrive haikubali njia ya mtandao inayoanza kwa mikwaju miwili. FileDialog, iliyokuja na Excel 2002, ina mahali pake pa kuiandika folda hiyo:

Dim njia As Variant
With Application.FileDialog(3)
    .Title = "Chagua ripoti za wiki"
    .AllowMultiSelect = True
    .Filters.Clear
    .Filters.Add "Vitabu vya Excel", "*.xlsx;*.xlsm;*.xls"
    .InitialFileName = ThisWorkbook.Path & "\"
    If .Show = 0 Then Exit Sub
    For Each njia In .SelectedItems
        ' hapa fungua na unakili
    Next njia
End With

Namba 3 ni ya kidirisha cha kuchagua mafaili. Ukiandika 4 utapata cha kuchagua folda, lakini hicho hakikubali folda zaidi ya moja kwa mara moja. Amri ya Show hurudisha 0 mtumiaji anapoghairi na -1 anapokubali, kwa hiyo swali la orodha au si orodha halipo tena hapa. Hiyo ndiyo sababu binafsi ninayoipendelea njia hii ninapomwandikia mtu mwingine makro.

Mkwaju wa mwisho kwenye InitialFileName ni wa lazima. Ukiuacha, kipande cha mwisho cha njia kitachukuliwa kuwa jina la faili, na kidirisha kitafunguka kwenye folda iliyo juu ya ile uliyoitaka. Usiiache pia Filters.Clear, kwa kuwa kidirisha hiki hukumbuka mipangilio yake kwa muda wote Excel inapokuwa wazi, na kila mara makro ikiendeshwa orodha ya aina za mafaili ingeongezeka mstari mmoja unaofanana na uliotangulia. Kigeu cha njia nacho hakina budi kuwa Variant, kwani For Each haikubali String.

Ikiwa ripoti zimetawanyika katika folda mbalimbali, jua kwamba mtumiaji kwa kawaida atachagua yaliyomo ndani ya folda moja kila kidirisha kinapofunguka. Usimlazimishe kuhamisha mafaili. Weka majina yaliyochaguliwa ndani ya Collection (mkusanyiko unaoweza kuongezewa vitu), muulize kwa MsgBox (kisanduku cha ujumbe) kama ana mengine, na akijibu ndiyo kifungue kidirisha upya, kisha anza kazi ya kunakili atakapojibu hapana.

SWALI: Makro yangu hufungua faili la kwanza tu kisha husimama bila ujumbe wowote, ingawa nimechagua mafaili manane. Nikiiendesha kutoka ndani ya kihariri cha VBA, hufungua yote manane. Vilevile mafaili hayaji kwa mpangilio nilioyachagua. Naomba msaada.

JIBU: Nitabahatisha kwamba umeipa makro yako njia ya mkato yenye kitufe cha Shift, kwa mfano Ctrl, Shift na K. Katika Excel, kushikilia Shift wakati kitabu kinafunguliwa ni ishara ya kuzuia makro za kitabu hicho zisijiendeshe, na mwito huo huisimamisha pia makro inayokifungua. Ndani ya kihariri hushikilii Shift, kwa hiyo kila kitu huenda sawa. Badilisha njia ya mkato iwe Ctrl na herufi ndogo, au weka kitufe juu ya laha ambacho mtumiaji atakibofya kwa kipanya. Kosa hili limewapotezea watu saa nyingi, kwa sababu hakuna chochote kibaya ndani ya msimbo wenyewe.

Kuhusu mpangilio, usiutegemee kabisa ule unaoletwa na kidirisha. Mtumiaji anaposhikilia Shift na kuchagua kuanzia faili la kwanza hadi la nane, mara nyingi lile la mwisho kubofywa ndilo hutangulia kwenye orodha. Kama mpangilio una maana katika kazi yako, yapange mwenyewe kabla ya kuanza kuyafungua:

For i = LBound(majina) To UBound(majina) - 1
    For j = i + 1 To UBound(majina)
        If StrComp(majina(i), majina(j), vbTextCompare) > 0 Then
            muda = majina(i)
            majina(i) = majina(j)
            majina(j) = muda
        End If
    Next j
Next i

Kwa mafaili machache kama yako, njia hii rahisi inatosha kabisa. Msimbo huu hupanga kwa maandishi, si kwa thamani ya namba, hivyo “Ripoti 10” itatangulia “Ripoti 2”. Waombe wanaokuletea ripoti waandike “Ripoti 02”, au, bora zaidi, waanze jina kwa tarehe yenye mwaka mbele, kama 2024-03-09, ambayo hupangika sawa bila msaada wowote.

SWALI: Sisi hatutumii Excel, tunatumia LibreOffice Calc. Je, yote haya yanatuhusu?

JIBU: Wazo ni lile lile, amri ni tofauti. Kidirisha hupatikana hivi:

oKidirisha = createUnoService("com.sun.star.ui.dialogs.FilePicker")
oKidirisha.setMultiSelectionMode(True)
oKidirisha.appendFilter("Lahajedwali", "*.ods;*.xlsx")
If oKidirisha.execute() <> 1 Then Exit Sub
aMafaili = oKidirisha.getSelectedFiles()
For i = LBound(aMafaili) To UBound(aMafaili)
    oHati = StarDesktop.loadComponentFromURL(aMafaili(i), "_blank", 0, Array())
    ' hapa nakili
    oHati.close(True)
Next i

Hapa execute hurudisha 1 mtumiaji anapokubali na 0 anapoghairi. Mtakutana na mifano mingi inayotumia getFiles badala ya getSelectedFiles, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mtumiaji akichagua faili moja, getFiles huleta njia yake kamili. Akichagua zaidi ya moja, kipengele cha kwanza huwa ni folda, na vinavyofuata ni majina matupu yasiyo na njia. Msimbo uliojaribiwa kwa faili moja hufanya kazi, kisha huanguka siku mafaili yanapokuwa mawili. Kwa getSelectedFiles kila kipengele ni anwani kamili, iwe ni kimoja au hamsini.

Anwani hizo huanza kwa file:/// na nafasi iliyomo ndani ya jina huandikwa %20. Kwa loadComponentFromURL ziacheni zilivyo, kwani ndivyo inavyozitaka, lakini mkitaka kumwonyesha mtumiaji jina la faili, lipitisheni kwanza kwenye ConvertFromURL ili alione kama alivyozoea kuliona kwenye folda yake.